Ningu Bila Miiba

Nilipoondoka Mwanza kwenda kusoma, madukani hakukuwa na kitu, ziwani kulikuwa na kila kitu. Sabuni tuliipangia foleni. Sukari ilipatikana kwa kufahamiana na mwenye duka la ushirika. Lakini samaki walikuja wenyewe mpaka mlangoni, wa kila jina: furu waliochomekwa kwenye vijiti, gogogo, mbete, domodomo, kamongo kwa wasiomwogopa, na masika yakianza, ningu.

Niliporudi miaka ya tisini, mambo yalikuwa yamegeuka. Biashara ilikuwa imefunguliwa. Pale Mabatini, ambako zamani ulikuwa ukipita maduka manne yaliyofungwa ndipo ukute moja lenye viberiti, sasa kulikuwa na siagi ya kopo, biskuti za ng'ambo, sabuni za kunukia za rangi zote, na mitumba iliyoning'inizwa mpaka juu ya mfereji wa Mirongo. Ningu hakuwepo.

Niseme mimi ni nani, ili msomaji asidhani anasikiliza malalamiko ya mtu aliyeshindwa na maisha. Baba yangu alikuwa mkulima wa pamba, na ada ya sekondari niliilipa mwenyewe kwa kubeba marobota ghalani wakati wa likizo. Stashahada yangu ya ufundi wa majokofu niliipata Bulgaria, kwa lugha niliyoanza kuisoma nikiwa na ndevu. Vijana wawili tuliosafiri nao, watoto wa wakubwa, walirudishwa baada ya mwaka wa kwanza. Mimi mbeba marobota nikamaliza, nikafanya kazi huko huko, nikarudi na masanduku matatu na kazi ikinisubiri: mkuu wa vyumba vya baridi katika kiwanda kimoja cha minofu ya samaki. Sikupelekwa na mjomba wala shemeji. Walikuwa na mitambo iliyowashinda, nikaiwasha.

Kiwanda kilitaka sangara tu. Kila siku aliingia mlango wa ziwani akiwa mzima, mkubwa kama ndama, akatoka mlango wa barabarani akiwa vipande vyeupe ndani ya boksi, tayari kwa ndege. Kichwa, mgongo na miiba vilitokea mlango wa nyuma, na hivyo ndivyo watu wa mji walivyoviita mapanki. Wanawake walivinunua, wakavikaanga kwenye mapipa yaliyokatwa, na harufu yake ilifika mpaka ofisini kwangu. Wakati ule sikuona ajabu yoyote. Niliona kazi safi. Nilikuwa nimejifunza kwamba samaki ni nyama, na kwamba vingine vyote ni uchafu unaoharibu nyama usipoondolewa mapema.

Bado, huko Bulgaria, niliota ningu. Kwenye kantini walitupa samaki wa pembe nne, waliogandishwa kama matofali, wasio na jicho wala mkia. Nilijaribu kuwaeleza wenzangu habari za samaki mwenye midomo minene kama ya mtu anayetaka kupiga mluzi, anayetoka ziwani na kupanda mito mvua kubwa inaponyesha, tumbo limejaa mayai. Niliwaeleza jinsi mama alivyomning'iniza juu ya moshi siku moja, kisha akamchemsha na ukwaju na karanga za kusaga, akapika na ugali wa uwele, mweusi, wenye harufu ya shamba. Waliuliza kama ana miiba. Nikasema ana miiba kuliko nyama. Wakacheka, wakanihurumia.

Mwaka wa pili tangu nirudi, baba alifariki. Nilikuwa nimeshawajengea nyumba Kiseke, ya matofali ya saruji, yenye dari, bomba uani. Waombolezaji waliizunguka wakigusa kuta. Lakini baada ya msiba mama akaacha kula. Hakukataa chakula. Alikuwa ananawa, anamega tonge moja, analichovya, halafu anakaa nalo mkononi akizungumza mambo mengine mpaka lipoe, kisha anasema ameshiba, Mungu akubariki. Daktari alimpima, hakuona ugonjwa. Alisema huyu anatakiwa kula, na asipokula hatamaliza mwaka.

Nilileta kila kitu ambacho soko huria liliweza kuleta. Maziwa ya unga, supu za pakiti, kuku wa kisasa, mchele wa daraja la kwanza. Nilileta minofu ya sangara iliyokatwa na fundi bora kuliko wote kiwandani, ile ambayo wazungu walikuwa wakiipigania. Mama alishukuru kwa kila kimoja. Mikono yake ilizidi kuwa myembamba. Saa aliyovaa, niliyomletea mimi, ilianza kupanda mpaka kwenye kiwiko.

Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa akiishi naye, ndiye aliyenitoa gizani. Aliniambia mama anaongea habari za ningu. Hakumwomba mtu, anaongea tu, kama mtu anavyomtaja ndugu aliyehamia mbali. Nikamwambia mdogo wangu awe na amani. Kama nimeweza kupata spea za mitambo ya baridi kutoka bara jingine, nitashindwaje kupata samaki wa ziwa ninaloliona dirishani?

Nikaenda mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, nimevaa vizuri, nikawauliza wauzaji. Mama mmoja mnene mwenye meza ya dagaa na sato wakavu aliniangalia viatu kwanza.

"Ningu?" akasema. "Bosi, wewe ulitoka lini hapa mjini?"

Nikamwambia nilikuwa nje, nasoma, na sasa niko kiwanda cha minofu.

"Basi ulipokuwa nje unasoma, na yeye akaondoka. Labda mlipishana uwanja wa ndege."

Wenzake wakacheka. Mmoja aliniambia furu je, nikasema hata furu nitachukua, akasema furu naye kaliwa na sangara, na sangara mnaye nyinyi kiwandani, nenda kampasue tumbo uangalie. Nikaondoka nikiwa nimekasirika. Sikuzoea kuchekwa na watu ambao mishahara ya ndugu zao inategemea mitambo yangu kuwaka.

Niliagiza kwa madereva wa magari ya samaki. Niliagiza kwa manahodha wa maboti yanayokusanya sangara visiwani. Wa Busisi walisema waulizeni wa Ukerewe, wa Ukerewe wakasema enzi za baba zetu. Mwishowe mlinzi wa geti letu, mtu wa Magu, akaniambia kuna mzee jirani na kwao, karibu na mahali mto Simiyu unapoingilia ziwani, ambaye bado anatega migono, ile mitego ya kusukwa, kila masika. Watu wanamwona kama amechanganyikiwa. Siku nyingine hupata wawili, siku nyingine hupata majani.

Nilikwenda mara mbili nikarudi mikono mitupu. Mara ya kwanza mzee aliniambia maji bado meupe, na ningu hapandi mto mpaka yawe mekundu. Mara ya pili aliniambia yameanza kubadilika. Mara ya tatu, Jumamosi moja asubuhi, mto ulikuwa mwekundu kama chai ya maziwa, na juu ya majani mbele ya nyumba yake walilala ningu wanne.

Nilisimama nikiwatazama. Ile midomo. Nilikuwa mtu mzima, mkuu wa idara, lakini nilichuchumaa nikawagusa mmoja mmoja, kama mtoto aliyemwona mzazi stendi.

Mke wa mzee, mama wa makamo mwenye kitenge kilichopauka, alikuwa ameshatafuta kamba ya katani apitishe kwenye matamvua yao ili niwabebe kwa mtungo, kama ilivyo desturi. Nikamwambia asubiri. Nikafungua pikapu yangu, nikatoa boksi la barafu, kisu cha minofu, ubao na kibano. Nilikuwa nimejiandaa tangu usiku wa kuamkia siku ile. Mama yangu alikuwa amebaki na meno machache, na nilikuwa nimeapa kwamba hatapata shida hata kidogo: atakula ningu ambaye hakuna mtu katika ukoo wetu amewahi kumla, ningu bila miiba.

Nilinawa mpaka viwikoni, nikaanza. Watoto na majirani wakajaa. Nikawatoa ngozi. Nikapitisha kisu kando ya uti wa mgongo, upande huu na upande huu, bila kupoteza chembe, kazi ambayo mabwana wa Sofia, kule Bulgaria, wangeipigia makofi. Kisha nikashika kibano nikang'oa miiba ile midogo yenye panda mmoja mmoja, nikiihesabu kwa sauti ili watoto wafurahi, mpaka hesabu ikanipotea. Ilichukua saa nzima na nusu. Nilipata vipande vinane vyembamba, vya rangi ya waridi, nikavilaza juu ya barafu.

Ubaoni vilibaki vichwa vinne, migongo, ngozi, na mayai, mafuko manene ya manjano. Nikamwambia yule mama avichukue.

"Vyote?" akauliza. "Na mayai?"

"Vyote, mama. Mimi nina nilichokifuata."

Alivichukua upesi, kama mtu anayeogopa mtoaji asije akazinduka.

Mchana ule ule nilikuwa Kiseke. Nilimwita mama sebuleni, nikamkalisha, nikafunua boksi mbele yake. Aliinama, akaangalia. Akaingiza kidole akagusa.

"Ningu yuko wapi?" akauliza.

"Ndiye huyo, mama."

"Hii ni nyama, baba. Ningu yuko wapi?"

Nikamweleza habari za kisu na kibano. Nikamweleza kwamba hakuna mwiba hata mmoja, aweke tu mdomoni ameze. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mdogo wangu akapika vile vile inavyotakiwa, kwa ukwaju na karanga, na chungu kikaletwa, lakini minofu ilikuwa imevunjikavunjika, imekuwa uji ndani ya mchuzi. Mama akamega tonge, akachota, akala. Akamega la pili, akala. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Kisha akaliweka la tatu pembeni ya sahani na kusema ameshiba, Mungu akubariki.

Nikamuuliza kwa nini, kama ladha siyo. Nadhani sauti yangu ilipanda. Alinawa vidole, halafu akaongea polepole, bila kuniangalia. Alisema ningu haliwi haraka. Alisema siku ya ningu baba yako alikuwa hatoki kwenda kwenye pombe, maana mwenye ningu mdomoni hawezi kuondoka, na hawezi kupiga kelele, na hawezi kuwachapa watoto. Mnakaa. Unatoa mwiba, unaweka hapa, mwenzako anatoa, anaweka hapa, na katikati mnaambiana mambo. Alisema wewe mwenyewe ulijifunza kuongea vizuri kwenye ningu, kwa sababu kwenye ugali wa maziwa ulikuwa unameza na kukimbia.

"Sasa umenitolea miiba yote," akasema. "Nikae na nani?"

 Nina jibu la kila kitu, waulizeni niliofanya nao kazi; pale nilichukua boksi langu, nikarudisha kifuniko.

Baadaye akaniuliza vichwa viko wapi. Nikasema nimemwachia mke wa mtegaji.

"Vinne?"

"Vinne."

"Na mayai?"

"Yote."

Mama alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka mdogo wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, kwa sababu kicheko kile hatukuwa tumekisikia tangu msiba. Kisha akasema kesho tukitoka ibada ya kwanza atakwenda kwa huyo mwanamke.

Nilikataa. Nilimwambia siwezi kumpeleka mama yangu, mama wa mtu kama mimi, nyumba ya udongo akaombe mabaki.

"Mabaki ndiyo haya uliyoniletea, baba," akasema. "Washa gari kesho."

Jumapili tukapita Igoma na Kisesa, mama amekaa mbele na gauni la kanisani, miguuni mwake mkungu wa ndizi mbivu, na mapajani kikapu chenye unga wa uwele alioufunga mwenyewe. Unga ule nao haupatikani hovyo siku hizi, watu wote wamehamia sembe, ila yeye alikuwa na mtungi wake anaouficha uvunguni. Vile vipande vyangu vilivyobaki bila kupikwa aliniagiza nivibebe na boksi lake la barafu. Kwa watu huingii mikono mitupu, alisema, na hivyo hapa havina mlaji.

Mke wa mtegaji alipotuona alidhani nimekuja kudai. Niliona uso wake. Lakini mama alishuka, akamsalimia kwa Kisukuma salamu ndefu za zamani, za kuulizana ukoo mpaka mtu apate pa kushika, wakagundua kwamba bibi zao walichota maji kisima kimoja. Baada ya hapo mimi sikuwa na kazi tena. Walishikana mikono wakaingia jikoni, kibanda cha miti chenye paa la nyasi, na nilimsikia mama akisema bila kuzunguka kwamba amefuata vichwa.

Vilikuwa vimebaki viwili. Viwili walivila jana. Vilivyobaki vilining'inia juu ya mafiga pamoja na migongo, vimeshaingia moshi, na mayai yalikuwa yamefungwa kwenye jani la mgomba ndani ya chungu. Mtegaji mwenyewe alikuwa mtoni. Mimi nikapewa kigoda chini ya upenu, kama mgeni wa kiume anavyopewa, mbali kidogo na mlango wa jikoni, maana kwetu mwanamume haingii wanawake wanapokula.

Na mwenyeji wetu, kwa heshima zote, akaniletea chakula changu kwanza. Alikuwa amekaanga minofu yangu. Yote. Kwenye sahani ya kauri, labda pekee aliyokuwa nayo, na ugali wa sembe mweupe. Alipiga goti kidogo akaniambia amenipikia ile niliyoichagua.

Nikala. Ilikuwa laini. Haikunitaka nifanye chochote. Kwa dakika chache sahani ilikuwa tupu na mikono yangu imeshakauka, na mle jikoni wao ndiyo kwanza wananawa.

Nilikaa nje nikiwasikiliza. Kwanza ulimi ukifyonza mfupa, kisha mlio wa mwiba ukidondoka kwenye bati. Halafu sauti ya mama, akianza habari ya msichana mwenzake aliyekimbia ndoa akajificha kwenye matete siku tatu, akisimama katikati ya neno ili atoe kitu mdomoni, akiendelea. Mwenzake akacheka, naye akatoa lake. Mama akataja jina la baba, kwa mara ya kwanza tangu tumzike, akasimulia jinsi alivyokwamwa na mwiba mbele ya wakwe zake akakataa kukohoa kwa aibu mpaka machozi yakamtoka. Habari hiyo sikuwahi kuijua. Nina umri huu, nimevuka bahari, na sikuwahi kujua kwamba baba yangu aliwahi kuona aibu.

Jua likapita kichwani. Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa ziwa, na nilijua barabara ile ikinyeshewa haipitiki. Nikasogea mpaka karibu na mlango, nikakohoa, nikasema mama, tutachelewa.

"Bado niko kwenye shavu," akajibu kutoka ndani. "Hata midomoni sijafika."

Nikabaki nimesimama. Nadhani alinisikia sijaondoka, kwa sababu baada ya muda mkono wake ulitokea mlangoni, ule mkono mwembamba, umepakaa mchuzi mpaka kwenye saa, na vidoleni umeshika mfupa wa shingo ya ningu wenye nyama ya kujificha na punje chache za mayai.

"Shika," akasema. "Kaa hapo hapo chini, usile kwa kusimama. Na usimeze, utafute kwanza kwa ulimi."

Nikaketi kwenye vumbi na suruali yangu ya Jumapili, mgongo kwenye ukuta wa jikoni, wao ndani na mimi nje. Nilikuwa nimesahau. Ulimi wangu haukujua tena pa kuanzia, ukachomwa mara mbili. Kisha ukaipata: moshi, ukwaju, ule uchungu mdogo wa karibu na ubongo, mayai yakipasuka moja moja. Nilitoa mwiba nikauweka chini kando yangu. Mama akaniuliza kutoka ndani kule Bulgaria nilikuwa nakula na nani. Nikamwambia peke yangu, mara nyingi.  Nikatoa mwingine.

Mama alianza kula tangu juma lile, kidogo kidogo, chochote kilichokuwa na mfupa. Masika yaliyofuata mzee wa Simiyu alitega akapata majani. Yaliyofuata tena, majani. Huwa napita pale mvua zikikolea, nashuka kwenye daraja la mto, natazama kama maji yamekuwa mekundu.